Mdogo wangu kaninyang'anya ungo

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 46, mjane, kwetu Muheza. Kwa sasa nipo Mbagala kwa mdogo wangu kwa sababu natibiwa kansa ya titi pale Ocean Road. Nimeshatundikiwa dripu mbili za ile dawa nyekundu, moja kila baada ya siku 21. Nywele zimekwenda, hilo nimelikubali. Linalonishinda ni siku zenyewe. Nyumbani nilikuwa naamka saa 10 alfajiri, nachoma vitumbua, ikifika saa 2 sinia tupu. Hapa nikishika ufagio napokonywa. Juzi nimechukua ungo nichambue mchele, mdogo wangu kauvuta mkononi: "Dada, kalale." Basi nalala. Nikiamka natazama tamthilia, nalala tena. Usiku macho makavu. Isingekuwa sala, nisingejua asubuhi na jioni. Na kila anayekuja kunitazama ananiambia nichangamke, eti nikiwa na huzuni naulisha ugonjwa. Wiki iliyopita nililia sana, kisha nikaogopa kuwa nimejidhuru. Nipangie siku yangu, Shangazi, niwe na furaha kama wanavyotaka.

Nimechoka Kulala, Mbagala

Marahaba, mwanangu, na pole sana.

Kabla ya lolote, machozi yako hayakukudhuru. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 1,093 wa saratani za kichwa na shingo. Walitaka kujua kama wenye moyo mchangamfu wanaishi zaidi kuliko wenye majonzi. Hawakuona tofauti. Uvimbe hausikilizi mazungumzo ya sebuleni. Kwa hiyo hao wanaokuja na chungwa moja na hotuba ndefu, wape chai, waache waseme, wakiondoka ulie kama kilio kipo. Furaha siwezi kukupangia. Siku naweza.

Mdogo wako anakupenda, ila amekosea hesabu moja. Anaufananisha uchovu wako na wa mtu aliyetoka kulima, ambao ukilala unaisha. Uchovu wa kansa na dawa zake haufutiki kwa usingizi. Ukishinda kitandani, misuli inalegea, na keshokutwa hata kwenda bafuni kunakuwa safari. Madaktari wamelichunguza sana jambo hili, na jibu limekuwa hilohilo: mgonjwa anayetembea taratibu kila anapoweza huchoka pungufu ya yule anayelala tu. Sikwambii ukimbie. Dakika 10, asubuhi jua halijawa kali, mpaka kwenye kona na kurudi. Mwulize daktari wako kwanza kama kuna sababu ya kukuzuia, na siku ukihisi kizunguzungu au pumzi inakata, kaa.

Sasa, wewe umeniomba ratiba ya siku. Ratiba ya siku itakuvunja moyo, maana siku zako hazifanani. Pangilia siku 21, toka dripu hadi dripu, kama unavyopanga mtaji.

Siku tatu nne za kwanza usipange kitu. Kuna kichefuchefu, mdomo una ladha ya chuma, harufu ya mafuta inakutoa nje. (Mkojo ukiwa mwekundu siku moja mbili, usishtuke, ni rangi ya dawa.) Siku hizo kazi yako ni mambo matatu tu: kuoga, kunywa maji funda kwa funda, na kukaa nje kidogo. Uji kidogo mara sita unashinda sahani moja ya kulazimishwa. Ukiyafanya hayo matatu, siku imekwenda vizuri, na asikuambie mtu vinginevyo.

Wiki ya pili ni ya hadhari. Utaanza kujisikia nafuu na kudhani umepona, kumbe ndani, kwa wengi kati ya siku ya 7 na ya 14, chembe nyeupe za damu zinazopigana na maradhi zimeshuka chini kabisa. Tembea, fanya kazi nyepesi, lakini daladala iliyojaa achana nayo, na mgeni mwenye mafua asalimie kutoka uani. Kachumbari ya kibandani isubiri. Mikono ioshwe kwa sabuni, yako na ya anayekupikia.

Wiki ya tatu ni yako. Kama kuna arusi, ngoma, au shoga wa Muheza aliyepo mjini, weka wiki hiyo. Lakini miili haifanani, kwa hiyo nunua daftari la shule na kila jioni uandike mstari mmoja: umekula nini, umetembea wapi, nini kimekuuma. Baada ya dripu mbili tatu utaziona siku zako nzuri kabla hazijafika, na daktari akikuuliza "unaendeleaje" utakuwa na la kumwonyesha zaidi ya "hivyohivyo".

Saa za kutwa zisikusumbue. Umesema sala hujaiacha. Basi tayari siku yako imegawanywa mara tano, na mgonjwa anaruhusiwa kusali ameketi. Ifungamanishe na hizo. Baada ya alfajiri, matembezi. Baada ya adhuhuri, usingizi usiozidi saa moja, na ikishaadhiniwa alasiri kitanda marufuku, ndipo usiku utakapokuja na usingizi wake. Macho yakizidi kuwa makavu siku zile za mwanzo, mwulize nesi kuhusu vidonge vya kuzuia kutapika. Baadhi yake ni vya jamii ya steroidi, ambavyo hufukuza usingizi, na huenda akakuelekeza uvimeze asubuhi.

Turudi kwenye vitumbua, maana nadhani hapo ndipo panapouma. Kusimama mbele ya jiko la mkaa na moshi wake, hapana, si sasa. Ila kitumbua hakianzi jikoni. Kuna kuchambua mchele, kuuloweka, kutwanga iliki, kujua nazi ngapi na hamira kiasi gani, kuweka hesabu. Yote hayo yanafanywa umekaa. Kama mdogo wako ana binti, mfundishe, achome yeye na wewe ukae pembeni kumkosoa, najua hutanyamaza. Na siku za kliniki, ambazo mnakaa benchi tangu asubuhi, beba ukili usuke. Mkono wenye kazi husubiri vizuri kuliko mkono mtupu.

Mambo mawili hayana mjadala. Nunua kipima joto duka la dawa. Joto likifika nyuzi 38, au ukitetemeka kwa baridi, iwe saa 8 usiku, nenda hospitali wakati huohuo, na ufike ukisema, "Mimi niko kwenye dripu za kansa." Usimeze panadol ukalala, itashusha joto na kuficha hatari. La pili, mitishamba. Najua vichupa vimeshaanza kuletwa. Usinywe kabla daktari hajaviona, kwani vingine hugombana na dawa au kulielemea ini.

Na kama zitapita wiki mbili hakuna hata kimoja kinachokupendeza, chakula hakipiti, unatamani usiamke, hapo ratiba haitoshi. Mwambie daktari kwa maneno hayohayo. Huo nao ni ugonjwa, una tiba yake, na hauna uhusiano na imani yako wala ushujaa wako.

Kwa mdogo wako usiende na magomvi. Mwambie usiku, mkiwa wawili: "Najua unaogopa. Nami naogopa. Lakini nikikaa bure naogopa zaidi." Kisha mpe kazi ya kweli ya kukulinda: ashike kipima joto, awazuie wenye mafua, ahesabu siku 21 kwenye kalenda.

Nawe, mdogo mtu, ikiwa gazeti hili limeingia nyumbani kwako: mrudishie dada yako ungo.