SOMO LA JUMA: PANDENI, MKALE
Soma: Yeremia 29:4–7

Mateka wa Babeli waliagizwa walime bustani, tena wale mazao yake. Sisi hapa Mbale mara nyingi tunauza dodo (lengalenga) na mapapai yote sokoni, na watoto wanabaki na posho na maharagwe tu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku. Mtoto anayekosa vitamini A aweza kushindwa kuona gizani. Dodo na papai bivu humsaidia kuipata. Huku Namatala, asiye na shamba apande kwenye gunia la udongo.

Swali: Kabla ya kwenda sokoni, utawabakizia watoto nini?