MWENZAKO NYUMBANI ANAPOACHA SIGARA

Vijana wetu wengi wamekwenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Wengi hufika Kariakoo, penye soko kubwa. Huko sigara huuzwa moja moja mitaani. Anayetaka kuiacha anakutana nayo kila hatua. Basi akirudi nyumbani, je, anakuta msaada?

Tuchukue mfano wa msukuma mkokoteni. Yeye na mke wake wamepanga chumba kimoja huko Ilala. Alikuwa akivuta sigara 10 kwa siku. Jumatatu akaacha.

Ndani ya tumbaku mna kitu kiitwacho nikotini. Mwili ukishaizoea huidai. Ukiikosa, mtu hukasirika upesi, hakosi njaa, usingizi haji vizuri. Siku 3 za kwanza ndizo mbaya zaidi. Baadaye hali hupungua, na baada ya wiki 2 hadi 4 wengi hupata nafuu.

Sasa siku ya tatu yule bwana amegombana na mke wake kwa sababu ya chumvi tu. Mke hajui habari ya nikotini. Anasema, “Baba watoto, bora uvute tu, ulikuwa na maneno mazuri.” Lo! Hayo ndiyo maneno aliyokuwa akiyangoja. Anatoka, anakwenda kununua.

Mke mwingine ni mkali. Kila jioni ananusa shati na kupekua mifuko. “Nilijua tu, huwezi!” Huyu anadhani anasaidia. Lakini mume anajifunza kuvuta kwa kujificha, na anayejificha hawezi kuomba msaada.

Kinachosaidia ni kuambiana mapema: nitaacha siku fulani, nikiwa mkali nivumilie. Nguo zenye harufu ya moshi zifuliwe. Kisahani cha majivu kiondolewe. Hamu ya sigara ikija hupita baada ya dakika chache, kwa hiyo mpe mwenzako maji, karanga au kipande cha muwa, mzungumze. Mwambie, “Leo siku ya nne, hongera.” Akivuta moja, asichekwe. Aanze tena siku ileile.

Lakini lipo jambo lenye nguvu zaidi. Mwaka 2015 wataalamu wa chuo kikuu kimoja cha London walitoa matokeo ya uchunguzi wa mke na mume zaidi ya 3,000, watu wa makamo na wazee. Katika kila wanawake 100 waliovuta, ambao waume zao waliendelea kuvuta, walioacha ni 8 tu. Mume alipoacha wakati uleule, walioacha ni 50. Kwa wanaume ilikuwa karibu hivyo hivyo.

Kwetu wanawake wavutaji ni wachache, lakini wapo wanaotumia ugoro. Ugoro nao una nikotini. Mume anamkataza mke ugoro, na huku yeye ana sigara mdomoni! Mwingine humtuma mtoto dukani, ingawa sheria ya mwaka 2003 inakataza kumwuzia tumbaku mtu wa chini ya miaka 18.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

Mwenzako akikukasirikia siku ya tatu, utamjibu nini?

Sigara moja dukani kwenu ni shilingi ngapi? Anayevuta 10 kwa siku huvuta 300 kwa siku 30. Pigeni hesabu ya fedha hizo, mke na mume pamoja.