Sisimizi katika makopo ya maua

Sisimizi wakijenga ndani ya kopo la maua, wengi hukimbilia dawa ya wadudu. Sisi wa zahanati huletewa watoto walioinywa, kwa sababu nyumbani iliwekwa kwenye chupa ya soda! Ikitokea, usimtapishe mtoto; mkimbize hospitali, na chupa uibebe.

Mtume (s.a.w.) amekataza kuua sisimizi, na amekataza kuadhibu kwa moto. Wanachuoni wameruhusu kuwazuia wanaodhuru, lakini tuanze na njia nyepesi, nayo ipo. Sisimizi hupenda udongo mkavu. Toa kopo uani, litumbukize katika ndoo mpaka maji yafunike udongo, uliache kwa nusu saa. Egemeza kijiti kitoke kwenye udongo hadi nje ya ndoo. Watahama wakibeba mayai yao. Kisha acha maji yachuruzike. Kagua na majani, kwani vidukari hutoa majimaji matamu yanayowavuta sisimizi. Waoshe kwa maji ya sabuni.

Kisahani cha chini ya kopo kisituamishe maji. Mbu wa dengue hutaga humo, na mayai yake hubaki hai hata kisahani kikikauka, kwa hiyo kisugue kila wiki.