Gemu Inayokuja: Kiswahili cha Mashabiki wa Gemu za Mkononi Katika Eneo la Saboti

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi vijana wa eneo la Saboti, hasa mjini Kitale na katika njia ya kuelekea Bungoma, wanavyotumia Kiswahili kujadili gemu za mkononi: zile zilizokwisha kutoka na zile zinazotarajiwa. Kwa gemu za mkononi tunarejelea michezo ya video inayochezwa katika kifaa kinachobebeka, iwe ni simu au mashine iliyoundwa mahsusi kwa shughuli hiyo, mathalani Game Boy, PSP na Switch.

Huenda msomaji akajiuliza mada kama hii inawahusu nini wanafunzi wa Kiswahili. Jibu ni kwamba mazungumzo haya hufanyika kwa Kiswahili, kila siku, katika eneo ambalo Lubukusu, Kisabaot na lugha nyingine kadhaa hukutana, ilhali sisi tunaosomea lugha hii hatujayasikiliza. Tumezoea kuyaita Sheng na kuishia hapo. Matokeo yake ni kuwa kijana anayeweza kuzungumza saa nzima kuhusu gemu kwa Kiswahili huamini, kwa dhati, kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuzungumzia gemu.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba katika mazungumzo hayo nomino nyingi ni za kigeni, lakini vitenzi, njeo na viambishi ni vya Kiswahili na hufanya kazi ya kina kuliko tunavyodhani. Basi atakayetaka kuunda istilahi za uwanja huu aanzie kwenye vitenzi. Ifahamike kuwa mifano ya tungo inayotolewa ni ya aina ambayo yeyote aliyewahi kusubiri zamu kwa kinyozi au kwenye kibanda cha kutengeneza simu mjini Kitale ataitambua. Haikukusanywa kwa hojaji, wala haidai kumwakilisha kila mzungumzaji.

Nyoka aliyekufa na maisha ya kuhesabika

Historia ya vifaa vyenyewe ni fupi. Kampuni ya Nintendo ilianza kuuza Game Boy nchini Japani mwaka 1989. Kwetu, wengi walikijua kwanza kile kifaa cha plastiki cha bei nafuu kilichoandikwa 9999, namba ambayo hakuna aliyewahi kuihesabu hadi mwisho, na ambacho kwa hakika kilikuwa ni ule mchezo wa matofali yanayoshuka, Tetris, uliobuniwa na Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984. Baadaye ikaja simu. Mchezo wa nyoka ulitengenezwa na Taneli Armanto wa kampuni ya Nokia, ukatokea katika simu ya 6110 mwaka 1997. Simu ya Nokia 3310 ilitoka mwaka 2000, mwaka uleule ambao KenCell na Safaricom zilianza kushindania wateja nchini Kenya. Kwa wengi, simu ya mzazi ndiyo iliyokuwa gemu ya kwanza ya mkononi.

Tazama sasa sarufi ya mchezo huo. Anayemwelekeza mwenzake husema:

(a) Nyoka akijigonga mkia anakufa.

Hapa nyoka ni kiumbe wa ngeli ya A-WA, nafsi ya tatu. Mpe simu msemaji huyohuyo, acheze, agonge ukuta. Atasema:

(b) Aa, nimekufa!

Nafsi imehama kutoka ya tatu hadi ya kwanza, na kitenzi ambacho kwa kawaida mtu hawezi kukisema juu yake mwenyewe katika hali timilifu kimesemwa na mtu mzima wa afya. Hakuna mwalimu aliyemfundisha. Vilevile hakuna anayeshangaa.

Mfano wa maisha unavutia zaidi. Katika Kiswahili sanifu nomino hii huwa katika umbo la wingi, haina umoja, na kwa kawaida haihesabiwi. Tunasema maisha marefu au maisha magumu; hatusemi maisha matatu. Mchezaji wa gemu husema:

(c) Niko na maisha mawili tu, hapa nitakwama.

Nimewahi kusikia hata "limebaki moja", ambapo msemaji ameunda upatanisho wa umoja kwa nomino isiyo na umoja, akiufuata mfumo wa LI-YA bila kuyumba. Wapo watakaosema hili ni kosa. Kwa maoni yangu, kosa hufanywa na asiyeijua kanuni. Huyu ameijua kanuni kiasi cha kuitumia mahali ambapo kamusi haikufika. Wengine hutumia roho badala ya maisha, na hapo hapana tatizo lolote, kwa kuwa roho huhesabika tangu zamani.

Neno gemu lenyewe limepokewa katika ngeli ya I-ZI: gemu hii, gemu hizi. Baadhi ya wazungumzaji wa Lubukusu, lugha ambayo sauti /g/ hutokea baada ya nazali tu, hulitamka "kemu", na utani juu ya jambo hilo hauishi. Aidha, gemu humaanisha pia mechi ya kandanda, hivyo "gemu ya leo" inaweza kumpeleka msikilizaji uwanjani. Mchezo kwa upande wake lina maana pana mno, kuanzia bao hadi tamthilia. Ndiyo sababu katika makala haya nimelitumia neno gemu bila kuomba radhi.

Kutoka, kufika, kushuka

Kiini cha mjadala wa mashabiki ni gemu mpya na zijazo, na hapa ndipo Kiswahili chao kilipo na utajiri zaidi. Chukua mfano wa mashine ya Switch 2. Nintendo ilikiri kuwepo kwake tarehe 16 Januari 2025, ikatoa maelezo kamili tarehe 2 Aprili, ikaanza kuiuza tarehe 5 Juni kwa bei ya dola 449.99 nchini Marekani. Hiyo ni takriban shilingi 58,000 za Kenya kabla ya kuhesabu ushuru na usafirishaji. Ni lini basi mashine hii ilikuwa mpya? Mjini New York swali hili halina maana. Mjini Kitale lina maana, na mashabiki hulijibu kwa vitenzi vitatu. Kitu hutoka, yaani kimeanza kuuzwa huko duniani. Kisha hufika, yaani kuna mtu Nairobi au Eldoret anayekiuza. Hatimaye hushuka, yaani bei yake imepungua kiasi kwamba inaweza kutajwa bila kicheko.

(d) Imetoka lakini haijafika.
(e) Imefika lakini haijashuka.

Kivumishi -pya peke yake hakiwezi kubeba tofauti hizi. PSP ya Sony ilitoka Japani mwezi Desemba 2004 na utengenezaji wake ukakoma mwaka 2014, lakini aliyeipata ikiwa mtumba miaka mingi baadaye huitambulisha kwa wenzake kuwa mpya, nao humwelewa. Upya hapa hupimwa kwa mkono uliokipokea kifaa. Kalenda ya kiwanda haihusiki.

Kuhusu zile ambazo hazijatoka, mashabiki huzipanga kwa kadiri ya ushahidi. Kampuni ikisema yenyewe, imetangazwa. Habari ikiwa ya kupokezana, inasemekana. Msemaji akiwa haamini, husema eti, na silabi hizo mbili humaliza kazi ambayo mwandishi wa gazeti angehitaji sentensi nzima kuifanya. Njeo nazo hushiriki. Inakuja ni ahadi ambayo msemaji ameikubali. Itakuja ni tumaini lisilo na tarehe.

Mfano bora ni Metroid Prime 4. Nintendo iliitangaza mwezi Juni 2017. Mwezi Januari 2019 ikaeleza kuwa kazi inaanza upya na kukabidhiwa studio nyingine, Retro Studios. Gemu ilitoka tarehe 4 Desemba 2025. Shabiki aliyeifuatilia kwa Kiswahili katika miaka hiyo minane na zaidi angelazimika kupitia karibu jedwali zima la mnyambuliko: inakuja, haiji tena, itakuja, eti inakuja, imekuja. Mwalimu anayetafuta namna ya kufundisha njeo na hali bila Juma na Asha kwenda sokoni anaweza kuanzia hapo.

Jambo jingine la kuangaliwa ni kirejeshi. Kiswahili sanifu kingesema gemu itakayotoka au gemu ambayo itatoka. Katika eneo letu, kama ilivyo katika sehemu nyingi za bara la Kenya, utasikia:

(f) Gemu yenye itatoka mwaka ujao ni kali kuliko hii.

Walimu hulikata umbo hili kwa wino mwekundu, nao wana haki, kwani mtihani ni wa Kiswahili sanifu na -enye huashiria umilikaji. Hata hivyo si sahihi kudai kwamba asemaye hivyo hana kirejeshi. Anacho: amekiweka mahali pale pale pa amba-, kwa upatanisho uleule wa ngeli, na ameiacha njeo ibaki wazi katika kitenzi. Mwanafunzi akionyeshwa kuwa yenye itatoka na ambayo itatoka zina muundo mmoja, atahama kutoka umbo moja hadi jingine kwa urahisi. Akiambiwa tu kuwa amekosea, atanyamaza darasani na kuendelea nje.

Hatuna budi pia kuitaja -nge-. Kwa bei tuliyoitaja hapo juu, sehemu kubwa ya mjadala huu huhusu vifaa ambavyo wajadili hawatavishika karibuni. Ningekuwa nayo, ningeanza na hii. Ungekuwa nayo, chaji isingekutosha hadi jioni. Watu hushindana kwa ujuzi wa kitu kisichokuwepo, wakajigamba, wakakanushana, na hadhira inayosubiri kunyolewa ikaamua mshindi. Mwanafunzi wa fasihi simulizi angekuwa na mengi ya kusema hapa.

Istilahi zitoke wapi?

Historia yetu ya kuunda istilahi za teknolojia inatoa funzo. Kompyuta ilipewa majina tarakilishi na ngamizi, na simu ya mkononi ikaitwa rununu. Tarakilishi na rununu zimeshika katika vitabu vya shule vya Kenya. Nje ya darasa watu wakaendelea na kompyuta na simu. Vitenzi vilikuwa na bahati tofauti. Kupakua, kitendo cha kutoa chakula chunguni, kilihamishiwa kwenye faili, na leo mtu hupakua gemu bila kukumbuka ugali. Kubofya, yaani kuminya kitu kwa kidole kama afanyavyo mnunuzi wa embe, kulipata maana mpya kwa njia hiyo hiyo. Wenye lugha walikuwa wakivijua vitendo hivi. Walichopewa ni mahali papya pa kuvitumia.

Mashabiki wa Kitale tayari wanavuka hatua, wanafungua silaha, wanakwama, wanafufuka, wanamaliza gemu. Kamati ya istilahi ya chama chetu ingeweza kuyaorodhesha haya kwa alasiri moja na kuyapeleka kwa wanaotengeneza gemu. Wapo hata hapa nchini: Planet Rackus ya Nairobi ilitoa Ma3Racer mwaka 2011, gemu ya simu ambayo mchezaji wake huendesha matatu. Switch kwa upande wake ina menyu ya Kiholanzi, lugha yenye wasemaji wachache mno kuliko Kiswahili, na haina ya Kiswahili. Siku itakapohitajika, mfasiri atatafuta orodha kama hiyo.

Linalobaki gumu ni jina la kifaa chenyewe. Kichezeo ni neno lililokwisha kuwepo na mama muuza nguo sokoni angelielewa mara moja, ila humaanisha kitu cha watoto, na mtu mzima aliyejinyima ili kukinunua hatakubali kiitwe hivyo. Kichezeshi, kutokana na kuchezesha, kinakubalika kimofolojia, lakini mchezeshaji katika soka ni refa, na neno hilo huenda likambeba pamoja na filimbi yake. Mashine ya gemu ni refu na halitofautishi ile ya mkononi na ile inayounganishwa na runinga. Mwandishi wa makala haya anaegemea kwenye kichezeshi cha mkononi, na angependa kusikia pingamizi za wenzake wa Bungoma, ambako nimesikia watu wakikiita kidude tu, nao wakaelewana.