Si Haya Tu: Kijana Anayewaogopa Watu
Kwa wazazi, walezi, walimu na vijana wenyewe

Alimaliza darasa la saba akiwa msemaji. Ameingia kidato cha kwanza, amenyamaza. Masomo aliyofundishwa kwa Kiswahili sasa ni kwa Kiingereza, na akikosea neno darasa zima linacheka. Sauti yenyewe imeanza kukwaruza, chunusi zimetanda usoni. Zamu ya kusimama mbele ikikaribia, tumbo linamsokota. Nyumbani tunasema: ana haya, atakua.

Pengine ni kweli. Haya tumelelewa kuiheshimu, na mwenye haya huzoea watu taratibu. Mwenye hofu ya watu hazoei. Usiku huiwaza kesho. Jambo likiisha, hurudia kichwani kila neno alilotamka na kujihukumu. Hali hiyo ikidumu miezi 6 au zaidi, ikaharibu masomo au urafiki, ni tatizo la afya ya akili linalotibika. Wengi huanza kuliona wakati wa balehe.

Kukwepa

Hofu inapofika, kijana hutafuta pa kutokea. Huomba ruhusa ya kwenda chooni, husingizia kichwa, huzama kwenye simu wageni wakiingia. Hupata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo mtego: anaamini kwamba amenusurika kwa kuwa amekimbia, na kesho hofu humrudia kwa nguvu zaidi. Kuna pia kukwepa kusikoonekana. Yumo darasani, lakini ameinama, amekariri kila sentensi, anajichunguza mwenyewe muda wote hata asione kwamba wenzake hawamtazami kama anavyodhani. Wakubwa kidogo hutangulia kunywa pombe ndipo waende kwenye sherehe, na hapo tatizo moja huzaa la pili.

Nasi wazazi huchangia kwa nia njema. Mgeni akimuuliza jina, tunamjibia.

Ustahimilivu hujengwa

Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia hadi utu uzima watoto waliozaliwa mwaka 1955. Miongoni mwa waliokulia katika dhiki nyingi, takriban theluthi moja waliibuka watu imara. Wengi wao walikuwa na walau mtu mzima mmoja wa kuwajali, awe bibi, mwalimu au jirani. Utafiti ule haukulenga hofu hii ya watu, lakini tunaamini mtu wa namna hiyo ndiye anayekosekana kwa vijana wengi wanaojificha.

Mtu huyo asimsukume, asimfiche. Apange naye ngazi: leo aende dukani aulize bei mwenyewe, akishazoea, amsomee rafiki mmoja aya moja ya Kiingereza, kisha asome mbele ya wenzake watatu, darasa zima lije mwisho. Kila ngazi irudiwe mpaka moyo utulie, na asitoroke katikati. Mwalimu, kumsimamisha kwa nguvu ili achekwe si mazoezi. Wala usimsamehe zamu yake daima.

Ngazi zikigoma, muone mwalimu wa malezi au nenda hospitali ukaulizie tiba ya mazungumzo. Nchini Tanzania, mtoto au mzazi anaweza kupiga 116 bila malipo. Akiacha shule au akisema hataki kuishi, msisubiri: mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake.