Kiswahili si Kibali: Maswali ya Anayekwenda Kufanya Kazi Msimu Mmoja Zanzibar

Masika yakikatika, hoteli za pwani ya Unguja zilizofungwa kwa mvua hupakwa rangi upya, makuti yaliyooza hushushwa, na simu huanza kulia Mombasa, Malindi, Nairobi na Kampala. Anatakiwa mpishi. Anatakiwa mtu wa mapokezi. Anatakiwa mwalimu wa kaiti, ule mchezo wa kuteleza majini ukivutwa na tiara. Kijana hufunga begi. Lugha anaijua, pilau anaijua, ramani inaonyesha kisiwa kiko hapo tu, kwa hiyo moyoni anaona anakwenda kwa jirani. Mengi yanayomkuta baadaye yanatokana na hisia hiyo. Zanzibar ni ugenini kwa Mkenya na Mganda, tena ni ugenini wenye serikali mbili: ya Muungano, inayogonga mhuri kwenye pasipoti, na ya Mapinduzi ya Zanzibar, inayosimamia ajira visiwani. Maswali yanayofuata ndiyo yanayoulizwa sana na wanaotaka kwenda kwa miezi michache, wafanye kazi, waishi ufukweni, kisha warudi.

Msimu wenyewe ni lini?

Juni hadi Oktoba. Ulaya wakati huo wamefunga shule, na Unguja iko katika kipupwe: mvua haba, jua la kadiri, kusi linavuma. Julai na Agosti ndiyo miezi ya wageni wengi. Wimbi la pili huja Desemba na kuendelea mpaka Februari, kaskazi likivuma na joto likiwa kali. Aprili na Mei biashara hulala, na hoteli nyingi hufunga kabisa. Kwa hiyo mkataba unaoanza Machi uusome mara mbili: ukiahidiwa mwaka mzima, uliza utalipwa nini mvua zikianza.

Beba sweta. Usiku wa Julai kule Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, si usiku wa Mombasa mwezi Februari.

Mimi ni mwananchi wa Afrika Mashariki. Nahitaji kibali cha kazi?

Ndiyo. Hili ndilo swali linalojibiwa vibaya kuliko yote, tena mara nyingi na watu walio tayari Paje wakifanya kazi bila karatasi.

Raia wa Kenya au Uganda haombi viza kuingia Tanzania. Hupewa pasi ya mgeni isiyolipiwa, inayoweza kufika miezi 6. Pasi hiyo inamruhusu kutembea, kutazama, kuwatembelea ndugu. Haimruhusu kushika trei. Wanaosema “Soko la Pamoja limeruhusu” wana nusu ya ukweli. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, na kanuni zake zinamtaja mfanyakazi: mwenye mkataba usiozidi siku 90 hupewa pasi maalumu, na mwenye mkataba mrefu zaidi huomba kibali cha kazi. Lakini kila nchi iliorodhesha kada ilizokubali kuzifungua, na Tanzania ilifungua chache, nyingi zikiwa za kitaalamu. Mhudumu wa baa asitegemee kujiona humo.

Njia ya kawaida ina hatua mbili. Kwanza kibali cha kazi, ambacho kwa Zanzibar hushughulikiwa na mamlaka ya kazi ya huko huko chini ya Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005. Kilichotolewa Dar es Salaam kwa kazi ya Bara hakikufanyi mfanyakazi halali wa Nungwi. Kisha kibali cha ukaazi kutoka Idara ya Uhamiaji, daraja B kwa mwajiriwa. Daraja A ni la mwekezaji na mwenye biashara yake, na daraja C ni la wanafunzi, watafiti, watu wa dini na wanaojitolea.

Anayeomba ni mwajiri. Yeye ndiye anayeeleza kwa nini nafasi hiyo haikupata Mzanzibari, na yeye ndiye anayeambatanisha vyeti vyako. Kazi ambayo kijana wa Bwejuu anaiweza ni vigumu kuitetea mbele ya ofisa, na kwa kweli haina sababu ya kutetewa. Ndiyo maana wageni wanaofanikiwa kihalali huwa na kitu mkononi: cheti cha mapishi, leseni ya kuzamia, uzoefu wa kusimamia mapokezi, au lugha. Watu wa Malindi na Watamu wanalijua hili siku nyingi. Kiitaliano walichojifunza nyumbani kinatafutwa Kiwengwa, ambako Waitaliano wamejaa. Wapolandi nao wameongezeka, na anayeongea nao kwa lugha yao hakosi pa kuanzia.

Kibali kinafungamana na mwajiri aliyekiomba. Ukihamia hoteli ya pili kwa sababu inalipa zaidi, unaanza upya.

Na nikijitolea tu, kitanda na chakula bila mshahara?

Sheria haiangalii mshahara peke yake. Unapopokea wageni kwenye hosteli kila asubuhi, hiyo ni kazi, na anayejitolea naye ana daraja lake la kibali. Mwanafunzi wa chuo cha utalii anayekuja kwa mafunzo ya vitendo yuko hivyo hivyo. Mpango wa “njoo usaidie saa chache, ulale bure” umeenea katika fukwe zote za dunia, na kwa maoni yangu ndio wenye hatari kubwa kwa faida ndogo: mwenye hosteli anapata mtu bila gharama, na siku ya ukaguzi anayeulizwa karatasi ni wewe.

Nikiwa huko naweza kusuka nywele au kuongoza watalii pembeni?

Kibali cha ajira ni cha kazi iliyoandikwa humo. Kwa upande wa Bara mambo yamekazwa zaidi: Julai 2025 ilitoka amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara 15, zikiwemo saluni, huduma za pesa kwa simu na kuongoza watalii. Zanzibar ina sheria zake za leseni, lakini usitegemee mlango uliofungwa Bagamoyo uwe wazi Paje.

Niulize nini kuhusu mshahara kabla ya kukubali?

Uliza kwanza nani analipia kibali. Ada za mfanyakazi mgeni si ndogo, na wapo waajiri wanaozikata kidogo kidogo kwenye mshahara bila kusema. Hilo liandikwe. Liandikwe pia kama chakula na malazi ni juu yao, kama tozo ya huduma inagawiwa wafanyakazi na kwa kipimo gani, na bakshishi ni ya aliyepewa au inaingia kwenye kapu la wote. Katika hoteli za msimu, tofauti kati ya kazi nzuri na kazi mbaya mara nyingi imo humo, si kwenye mshahara wa msingi.

Sarafu nayo ni suala. Zamani ilikuwa kawaida pwani hii kutajiana kila kitu kwa dola. Kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Ukiahidiwa dola, uliza zitageuzwa shilingi kwa kiwango cha siku ipi.

Kuna jambo la kodi ambalo huwashtua watu mwezi wa kwanza. Mfanyakazi mkaazi hukatwa kwa ngazi, na mwenye kipato kidogo hukatwa kidogo au hakatwi kabisa. Mtu aliyekaa nchini chini ya siku 183 katika mwaka kwa kawaida huhesabiwa si mkaazi kikodi, na asiye mkaazi hukatwa asilimia 15 ya malipo yake yote. Anayekuja kwa miezi minne anaangukia hapo. Fanya hesabu hiyo ukiwa bado nyumbani.

Walimu wa kaiti na wa kuzamia waangalie jambo moja zaidi: wengi hulipwa kwa somo, si kwa mwezi. Siku upepo umelala, na mfuko umelala.

Nitasafirije, na nibebe nini?

Pasipoti. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wamezoea kuvuka mipaka yao kwa kitambulisho cha taifa, utaratibu ulioanza 2014, lakini Tanzania haimo katika mpango huo. Beba pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa Kenya na Uganda ni nchi zenye ugonjwa huo. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Tangu 2016 cheti hicho hakiishi muda. Jambo jingine jipya ni bima: kuanzia Oktoba 1, 2024, Zanzibar inawataka wageni wa kutoka nje wawe na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Mwajiri wako akuthibitishie utaingia kwa utaratibu upi.

Kutoka Mombasa kuna ndege, na kuna basi la kupita Lungalunga na Horohoro hadi Tanga na Dar es Salaam, kisha boti ya mwendo wa saa mbili hivi mpaka bandari ya Malindi, Unguja. Hata ukitokea Dar, asiye raia hukaguliwa pasipoti akishuka. Wakati wa kusi bahari kati ya Dar na Unguja huchafuka. MV Skagit ilizama humo Julai 18, 2012, ikiwa na abiria wengi. Panda chombo chenye sifa, na kikiahirishwa kwa sababu ya upepo, shukuru.

Ukifika mjini, daladala namba 116 inakwenda Nungwi na 309 inakwenda Jambiani kwa kupitia Paje.

Nitaishi wapi?

Hoteli kubwa zina mabweni ya wafanyakazi. Ndogo hazina, kwa hiyo utapanga chumba kijijini, na mwenye nyumba huenda akataka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Tafuta chumba mapema, maana Julai bei hupanda. Onja maji ya kisima kabla ya kulipa, kwani karibu na pwani mengi yana chumvi.

Kisha nenda kwa sheha. Wenye uzoefu wa Nairobi hawaielewi hatua hii. Kila shehia, yaani eneo dogo la utawala, ina sheha anayejua nani anaishi wapi, na mgeni hutarajiwa kujitambulisha kwake. Chukua mwenyeji wako, nenda naye, salimia, eleza unafanya kazi wapi. Siku utakapohitaji barua ya ukaazi au mtu wa kukusemea, ndiye utakayemwendea.

Wenyeji watanipokeaje?

Vizuri, ukijua uko wapi. Paje na Nungwi ni vijiji vya Waislamu vilivyokuwapo kabla ya hoteli ya kwanza, na ufukwe ni sehemu ya kazi ya kijiji. Nguo za kuogelea ziishie mchangani. Ukiingia njia za ndani jifunike, mwanamume na mwanamke. Pombe ibaki kwenye baa za wageni. Ramadhani miaka hii inaangukia Februari na Machi, kwa hiyo msimu wa Juni hauigusi, lakini anayekuja kwa wimbi la Desemba ajue kwamba mchana wa mwezi huo watu hawali hadharani.

Wakenya waongeze jambo moja dogo. “Nipe chai” ya Nairobi haina ubaya wowote Nairobi. Unguja unasalimu kwanza, unaulizia hali, kisha unaomba. Mzee hupewa shikamoo hata kama ndiye mlinzi wa geti la hoteli unayoisimamia.

Bahari ya mashariki ikoje?

Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, yakichelewa kiasi cha dakika 50 kila siku, kwa hiyo ratiba ya wiki iliyopita haikufai leo. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Paje ikipwa, bahari hukimbia mpaka karibu na mwamba na kuacha uwanda mpana wa mchanga na vidimbwi. Nungwi na Kendwa tofauti haionekani sana, ndiyo maana wanaotaka kuogelea saa zote huelekezwa kaskazini.

Uwanda huo si mtupu. Tangu 1989 wanawake wa Paje na Jambiani wanalima mwani humo: vijiti vimechomekwa, kamba zimefungwa, miche imening'inia. Bamvua ndiyo siku zao za kazi. Mwalimu wa kaiti anayempitisha mwanafunzi juu ya kamba hizo, au mgeni anayezikanyaga akitafuta picha, anaharibu mali ya mtu. Jifunze mipaka ya mashamba siku ya kwanza, na uwafundishe wageni wako.

Malaria ipo?

Kidogo. Kwa miaka mingi maambukizi Zanzibar yamekuwa chini ya asilimia 1, lakini huongezeka vipindi fulani, na wasafiri huja nayo kutoka kwingine. Ukishikwa na homa wiki za kwanza, pima, useme umetoka wapi.

Mambo yakiharibika?

Pasipoti ni mali ya serikali iliyokupa. Mwajiri anaweza kuhitaji nakala, au kuichukua kwa siku za kushughulikia kibali, lakini hana haki ya kuikalia. Weka nakala zako mwenyewe za pasipoti, mkataba na kibali mahali pasipo kwenye simu moja tu. Mgogoro wa mshahara hupelekwa Kamisheni ya Kazi Zanzibar, na anayekwenda na mkataba wenye sahihi husikilizwa tofauti na anayekwenda na ujumbe wa sauti. Ubalozi wa Kenya na wa Uganda uko Dar es Salaam. Andika namba yake kabla ya kuihitaji.

Na msimu ukiisha, au ukiacha kazi katikati, kibali hakibaki nawe mpaka tarehe iliyochapishwa. Kilikuwa cha ajira ile. Omba barua ya utumishi na malipo ya mwisho siku hiyo hiyo, hakikisha mwajiri ameijulisha Uhamiaji, na uulize una siku ngapi za kuondoka. Wapo wanaobaki “wiki mbili tu za kupumzika”, na wanaupata usumbufu wao wa kwanza na wa pekee wakiwa dirishani bandarini, tiketi mkononi.