Mkono Hutangulia Ulimi

Mlishe uji mtoto wa miezi tisa, kisha kijiko kisimamishe kabla hakijafika mdomoni. Atakitazama, atakutazama wewe, atanyoosha mkono. Anajua anachotaka. Mbona basi hasemi?

Tuanze na neno "maji". Pumzi hutoka mapafuni, hutetemesha nyuzi za sauti kooni, midomo hufumba na kufumbuka, kisha ulimi hugusa kaakaa na kuachia. Yote hayo hupita kabla sekunde haijaisha. Tena mtoto huzaliwa na zoloto iliyo juu kooni; humfaa kwa kunyonya, ila huchukua muda kushuka. Mkono una kazi nyepesi zaidi. Mtoto anauona, na mama anaweza kuushika akamwelekeza. Ulimi hauelekezwi hivyo.

Mwaka 1991, Laura-Ann Petitto na Paula Marentette walichapisha uchunguzi wao kuhusu watoto viziwi waliolelewa na wazazi viziwi. Watoto hao walikuwa wakirudiarudia vipande vya ishara kwa vidole, kama vile wenzao wanaosikia wanavyorudia "ba-ba-ba". Kwangu mimi hili ndilo kubwa kuliko yote: ubongo wa mtoto unatafuta lugha, na huipokea kwa sikio au kwa jicho.

Kumfundisha mtoto wako ishara hakuhitaji vifaa. Kila unapomnyonyesha, fumba na ufumbue ngumi mbele ya macho yake huku ukitamka "maziwa". Ishara iwe ileile, na wakati uwe uleule. Zinaweza kupita wiki nyingi kabla hajaijibu, na akijibu vidole vyake havitakaa sawasawa. Mkubalie.

Je, atachelewa kusema? Elizabeth Kirk na wenzake nchini Uingereza waliwafuatilia watoto 40 tangu miezi 8 hadi 20. Waliofundishwa ishara hawakuchelewa, wala hawakuwatangulia wenzao. Ila mama zao walizidi kuwa wepesi wa kutambua mtoto anataka nini. Anayekuuzia mafunzo haya kwa ahadi ya mtoto mwenye akili nyingi, usimpe pesa yako.

Kwa mtoto kiziwi mambo ni mazito zaidi, kwa sababu wengi wao huzaliwa na wazazi wanaosikia, na dalili hupita bila kuonekana. Hapa Kipevu, Mombasa, lori la makontena likipita karibu na nyumba sakafu hutikisika, na mtoto asiyesikia kitu huamka kwa mtikisiko huo. Mama akaona, "Huyu anasikia." Kuamka huko si kipimo, apelekwe akapimwe masikio kwa vifaa.

Akithibitika kuwa kiziwi, ishara mbili tatu za nyumbani hazimtoshi. Anahitaji lugha kamili, Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Katiba ya 2010 inaitaja miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Kisiwani Mombasa ipo Shule ya Viziwi ya Ziwani, lakini asingoje umri wa shule. Mzazi awatafute viziwi watu wazima wa mtaani, akajifunze kwao, na mtoto akiwa mapajani aone mikono yao ikizungumza.